Kipanya Kizito cha Tsoka

Siku mama alipogundua kwamba mdogo wangu, binti yake mpole anayeshona sare za shule, ndiye anayeogopwa kuliko wote kwenye chumba cha michezo ya kompyuta pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, alishusha bakuli la nsima, ugali wa huku, chini akanitazama mimi, siyo yeye. Akauliza kama ile risasi tuliyoikimbia Bukavu njo sasa tunalipa pesa ili tupigwe nayo Dzaleka.  

Kusema kweli, mdogo wangu hakuwa analipa. Sheria ya chumba kile ilikuwa kwamba mshindi haondoki kitini wala hatoi kitu. Anayeshindwa ndiye anayelipa na kupisha. Alikuwa ameketi bure kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenye chumba, mtu wa Kindu mwenye kofia ya darizi, alianza kumpokea kwa kumuuliza kama leo hana nguo za watu za kumalizia. Jioni anafunika cherehani, anakung'uta nyuzi kwenye kitenge, anaketi, na vijana wanapanga foleni kwenda kuuawa na fundi wa sare. Mimi nilisimama nyuma yake nikihesabu waliokufa. Nilihesabu mara mbili kama kawaida yangu, maana kompyuta nayo ni ya mtu, inaweza kudanganya.

Habari zikafika Lilongwe. Kulikuwa na mtu wa kwetu Bukavu aliyetutangulia mjini na kufungua salle, yaani ukumbi, ya michezo huko Area 18, yenye viti vya kuzunguka na jenereta yake. Alikuja kambini kwenye harusi, akapitia kile chumba cha michezo, akaketi mbele ya mdogo wangu, akapigwa, akalipa, akapisha. Kisha akanivuta nje, kwa kuwa kwetu habari ya binti huanza kwa kaka yake. Akasema anatafuta mtu wa kukaa salle kutwa: kucheza na wateja wanaokuja peke yao, kufundisha wanaoanza, kuangalia mashine. Alishakuwa na kijana wake aliyemfikiria.

“Jumamosi mlete,” akasema. “Michezo mitatu na huyu kijana. Akimpiga, kazi ni yake. Lakini aje na kipanya chake cha kompyuta, vyangu vyote viko wagonjwa.”

Ambaye hajaishi kwa sindano hawezi kujua maana ya maneno yale. Sare hushonwa shule zinapokaribia kufunguliwa; baada ya hapo fundi anakaa nyuma ya cherehani kama mlinzi wa benki isiyo na pesa. Mshahara wa kila mwezi lilikuwa jambo tulilolisikia kwa watu wengine. Mdogo wangu aliposikia hakuruka wala kupiga kelele. Aliangalia mkono wake wa kulia.

Mkono ule ndio ulikuwa tatizo. Mkasi ulikuwa umeuharibu. Akikata vitambaa siku nzima kisha akashika vile vipanya vidogo vya mviringo vya chumba cha michezo cha kambini, kidole gumba kinaanza kuwasha, halafu kinakufa ganzi, halafu kiganja chote. Kule kambini ilikuwa haimdhuru kwa sababu aliowapiga walikufa upesi kabla mkono haujalala. Michezo mitatu mfululizo na mtu anayejua kazi ilikuwa kitu kingine.

“Mukono ikilala, yaya, njo nimekufa,” aliniambia, taratibu, kama mtu anayesoma bei. Kwetu yaya ni kaka mkubwa, na njo ni ndiyo.

Akanieleza anachotaka. Kipanya cha kuchezea, siyo cha ofisi. Kijaze kiganja ili vidole visikunjwe kama makucha. Kiwe na ubavu ambapo kidole gumba kinaegemea. Vitufe visiwe vigumu. Kiwe cha waya, kwa sababu vile visivyo na waya vinakula betri na vinanyamaza katikati ya vita. Na waya uwe laini lakini wenye shingo imara, maana vipanya vyote tulivyowahi kuviona vikifa Dzaleka vilikufa shingoni, pale waya unapoingilia. Hivyo tu. Hakusema kizito. Neno hilo nililiongeza mimi kichwani mwangu, na sikuona kama nimeongeza kitu.

Lazima nieleze, maana watu wa mahali pengine hunicheka. Kwetu kitu kinapimwa kwa mkono. Pasi, sufuria, redio, tochi, hata kufuli: unakiweka kiganjani, unakirusha kidogo, unakidaka. Kizito ni cha kweli. Chepesi ni cha bandia. Mama yangu aliwahi kukataa zawadi ya chupa ya chai kwa sababu aliishika akadhani haina kitu ndani, na kweli haikuwa na kitu ndani, ilikuwa mpya. Ukirudi Dzaleka na kitu ulichonunua mjini, hakiingii ndani kabla hakijapita mikononi mwa majirani. Kila mmoja anakirusha, anakidaka, anatikisa kichwa juu au pembeni. Nimeona mtu akirudi mjini kesho yake kwa sababu majirani walitikisa pembeni.

Basi Jumamosi asubuhi tulishuka Lilongwe, tukaanzia soko la Tsoka, tukipanga kufika Area 18 mchana.

Nilikuwa na mtu wangu pale. Mmalawi wa makamo, mwenye kibanda kilichoning'inizwa chaja na rimoti, ambaye aliokota Kiswahili chake Tunduma na Dar es Salaam akifuata mali. Tulikuwa tumeshapigana kwa bei mara nyingi na hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake radhi. Redio ya mama niliinunua kwake. Aliponiona tu akauliza kama redio bado inalia. Nikamwambia inalia, na ni nzito kama tofali, na mtaa mzima umeikubali. Alifurahi kupita kiasi. Nilidhani ni adabu.

Kwanza alitutolea kipanya chenye matundu. Simaanishi kimeharibika, kilitengenezwa hivyo, mgongo mzima umetobolewa kama mzinga wa nyuki, unaona mpaka tumboni. Nikauliza punguzo la matundu ni kiasi gani. Akataja bei. Nikamwomba arudie, akarudia ile ile. Kwa pesa hiyo pale Dzaleka mtu anapata mbuzi, na mbuzi hana matundu zaidi ya yale aliyopewa na Mungu. Mwuzaji akasema kwa upole kwamba wanaojua wanalipia matundu, ndiyo wepesi wenyewe. Nilimtazama usoni nione kama ana homa. Mtu analipishwa plastiki ambayo haipo. Nilirudisha kile kitu mezani kwa mikono miwili, kama unavyorudisha mtoto wa watu.

Mdogo wangu hakuwa akitusikiliza. Alikuwa ameshika kingine, cheusi, chenye ubavu wa mpira na waya uliofumwa kwa uzi kama kamba ya viatu. Alikiweka mezani, akakiteleza kushoto, kulia. Akabonyeza vitufe akiwa amefumba macho. Akaupinda waya shingoni, akauachia, akaupinda tena. Palikuwa na uzi mmoja uliochomoka kwenye ule mfumo, karibu na shingo. Akauinamia akaukata kwa meno, jinsi anavyofanya kwenye pindo la kila sketi, bila hata kufikiri.

“Dada, usile mali yangu,” mwuzaji akasema.

“Hii njo yangu,” mdogo wangu akaniambia. “Inajaza mukono. Na gumba iko na mahali pa kulala.”

Nikakichukua. Nikakihesabu: vitufe sita, miguu minne ya kuteleza chini, mara ya pili vilevile. Nikakiweka kiganjani nikakirusha.

Kilipanda juu kama ganda la karanga.

Nilistuka. Nilikitazama kama kimenitukana. Kitu cha kubeba mshahara wa mtu, na hakina hata uzito wa limau. Niliona majirani wote wamesimama mlangoni kwetu wanatikisa vichwa pembeni, mama mbele yao. Nikamwambia mwuzaji hiki hakina kitu ndani. Akasema ndani kimejaa. Nikasema nimeshika ndimu nzito kuliko hii. Akasema basi nikacheze na ndimu. Mdogo wangu akaniambia polepole kwamba yeye uzito hautaki, kwamba atakisukuma mchana kutwa. Nikamwambia kushona ni kazi yake, kununua ni yangu.

Mwuzaji akaniangalia kidogo, kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, laini.

“Bwana mkubwa, ninyi mnakaa Dzaleka bado?”

“Dzaleka.”

“Basi ngoja. Ninaye ndugu yake huyu. Mzito.”

Akakichukua kile chepesi, akaingia nacho nyuma ya pazia. Alikawia. Tulisikia anavuta kopo la kitu, anagonga mara moja mbili, anafungua gundi au mkanda, sauti za kibanda chochote. Akatoka na kipanya kimefungwa kwenye gazeti, waya umeviringwa na kubanwa kwa mpira. Nikakiweka kiganjani. Kilitua. Moyo wangu ukatua nacho. Nikahesabu miguu: minne, ingawa mmoja ulikuwa umejikunja pembeni, akasema ni usafiri. Bei ilikuwa juu kidogo ya kile cha kwanza na hakutaka kuteremka hata nilipojifanya naondoka, jambo lililonishangaza, maana kwa kawaida huwa ananiita kabla sijavuka karai la mama wa nyanya. Siku hiyo alinitazama mgongo tu. Nilirudi mwenyewe. Niliambulia kitambaa cha kuwekea kipanya, bure, na nikajiona nimeshinda.

“Mi nilipenda ya kwanza,” mdogo wangu alisema njiani.  Nilikuwa nimekibeba mimi, nakirusha na kukidaka mpaka Area 18.

Salle ilikuwa imejaa. Mwenye salle alikuwa ameweka viti viwili vikitazamana, kompyuta mbili katikati. Kijana wake alikuwa Mmalawi mrefu, mwenye heshima, aliyemsalimia mdogo wangu kwa kupiga makofi mawili ya taratibu na kumwita mayi, yaani mama kwa Kichewa. Kisha akaketi na kuanza kumwua.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mtu niliyezoea kuhesabu waliokufa mbele yake, sasa nilikuwa namhesabu yeye. Alikuwa anageuka akiwa amechelewa. Adui anatokea mlangoni, macho yake yanamwona, naona kabisa yanamwona, lakini mkono unafika baadaye, kama mtu anayevuta gunia. Kabla mchezo wa kwanza haujaisha alishaanza kukunja na kukunjua vidole. Alishindwa vibaya. Nilihesabu upya nikitumaini nimekosea, na idadi ikazidi kuwa mbaya, kwa sababu mara ya kwanza kuna wawili niliwaruka.

Umeme ukakatika hapo hapo. Watu wakaguna, mwenye salle akatoka kwenda kuwasha jenereta. Katika ule ukimya wa feni zilizosimama, mdogo wangu aliinua kipanya kukihamishia mkono wa kushoto ili anyooshe wa kulia. Kitu kikagonga ndani. Sauti ndogo, kama jiwe kwenye mfuko wa suruali.

Akakitikisa. Kikagonga tena.

Akanitazama, halafu akaufungua mkoba wake. Fundi cherehani hatembei bila bisibisi yake ndogo, ile ya kubania sindano. Akaniambia niwashe tochi ya simu. Akakigeuza kipanya, akaubandua ule mguu uliojikunja, na chini yake, pale ambapo mimi nilihesabu tu bila kutazama, palikuwa na skrubu. Watu walianza kusogea. Kijana wa Kimalawi akainuka kitini na kuja upande wetu. Mgongo wa kipanya ukafunguka kama kopo.

Ndani mlikuwa na vipande viwili vya chuma.

Siyo vya kipanya. Vilikuwa nati mbili kubwa, zenye kutu, za kufungia kitu kama tairi, zimevingirishwa mkanda mweusi wa fundi umeme. Moja ilikuwa bado imegandishwa na gundi. Nyingine ilikuwa imeachia na kutembea tumboni.  Mimi mdomo ulikuwa wazi, najua kwa sababu ulikauka. Nilizichukua nikazipima kiganjani, na mkono wangu, huu mkono ninaouamini kuliko macho, ukazitambua mara moja. Huu ndio uzito nilioununua.

Nilidhani mshituko umeishia hapo. Mdogo wangu alikuwa ameufungua ule mpira ulioubana waya karibu na shingo, akausogeza kwenye mwanga, akaupitisha katikati ya vidole viwili.

“Yaya,” akasema. “Angalia.”

Palikuwa na ncha ya uzi, fupi, iliyokatwa kwa meno.

“Hii nilikata miye.”

Nilielewa polepole, kama mtu anayeamka. Hakukuwa na ndugu yake. Hakukuwa na kizito na chepesi. Kulikuwa na kipanya kimoja, kile alichokichagua mwenyewe, kilichoingia nyuma ya pazia na kutoka na nati mbili tumboni, na mimi nikaongeza pesa.

Jenereta ikanguruma. Alirudisha mgongo, akakaza skrubu, akabandika mguu kwa mate na matumaini, akakiweka mezani. Kilikuwa kile kile cha asubuhi tena. Mchezo wa pili alikuwa mtu mwingine. Sitausimulia, kwa sababu ulikuwa mfupi na kwa sababu kijana wa watu alikuwa mwungwana. Aliomba maji baada yake.

Wa tatu walikwenda sawa, huyu mmoja, yule mmoja, mpaka salle nzima ilikuwa imesimama. Mdogo wangu hakukunja vidole hata mara moja. Mwishoni alishindwa kwa mmoja. Nilihesabu tena. Alikuwa mmoja.

Nilianza kukunja kile kitambaa cha bure. Nilifikiria miezi ya kukaa nyuma ya cherehani kabla shule hazijafunguliwa, na nati mbili mfukoni mwangu zilinivuta suruali upande. Mdogo wangu alimpa yule kijana mkono, akamwambia zikomo, asante ya kwao, na macho yake yalikuwa makavu kabisa, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

Mwenye salle hakuwa anatazama ubao wa matokeo. Alikuwa anatazama bisibisi. Akaenda nyuma, akarudi anaburuta katoni, akaimwaga mezani: vipanya vilivyokufa, lundo lake, waya zimekatika shingoni, kimoja kimefungwa plasta ya kidonda.

“Huyu kijana wangu anajua kuua,” akasema. “Kufufua hajui. Hizi we unaweza?”

Mdogo wangu akachagua kimoja, akaupinda waya, akasikiliza, akasema mkato uko wapi. Akachukua kingine, akasema hiki kizikwe. Cha tatu akasema kinahitaji kukatwa shingo na kuungwa upya, na kama kuna pasi ya kulehemu anaweza kuanza sasa.

“Jumatatu,” mwenye salle akasema. “Mashine na vipanya ni vyako. Huyu atacheza asubuhi, we mchana.”

Nilifungua mdomo ili tuongee mshahara, maana sijawahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote. Mdogo wangu akanikanyaga mguu, akaongea yeye. Akasema mshahara aliousikia ni sawa kama nauli ya Dzaleka iko pembeni yake, kwamba ataondoka kabla minibasi za mwisho hazijajaa, na kwamba hakuna mtu atakayegusa kipanya chake. Mwenye salle akakubali yote matatu. Nilibaki nimeduwaa. Mimi ningeanzia mbali na kufika hapo hapo jioni.

Tukapitia Tsoka. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, makali, ya lugha tatu. Nikaziweka nati mezani kwa mwuzaji. Hakuona haya hata kidogo.

“Ulitaka zito,” akasema. “Sikukutafutia zito?”

Nikamwambia ni wizi. Akasema wizi ni kuchukua, yeye ameongeza. Kisha, labda kwa kuniona nimeumia kweli, akainua pazia akanionyesha: kopo la maziwa ya unga limejaa nati, vipande vya nondo, risasi za kuzamishia nyavu. Akaeleza kwamba watu wa mtaa wa Kauma wanatazama rangi na watu wa Area 18 wanauliza risiti, lakini watu wa Dzaleka hawanunui mpaka warushe juu, kwa hiyo anawaandalia. Nilisimama pale nimepigwa na butwaa. Tunajulikana. Tuna kopo letu. Akanirudishia ile nyongeza bila ubishi, jambo lililonitia hofu kuliko yote, akanyoosha mkono apewe vyuma vyake. Mdogo wangu akavitia mkobani mwake. Akasema vitamfaa kukandamizia kitambaa asubuhi kabla hajaenda kazini, upepo wa Dzaleka unampeperushia sketi.

Mwuzaji akacheka, akaniuliza tena tukiondoka:

“Na redio ya mama, inalia?”

Safari hii nilisikia swali.

Nyumbani mama alisikia habari ya kazi akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasema Mungu ana njia zake hata katikati ya risasi za uongo. Kisha akataka kukiona hicho kipanya kilicholeta mshahara. Majirani walikuwa wameshafika mlangoni. Akakiweka kiganjani, akakirusha, akakidaka. Uso wake ukabadilika.

“Iko nyepesi,” akasema. “Mutoto yangu, balikuibia.”

Kikapita mkono kwa mkono, na vichwa vyote vikatikisika pembeni. Mdogo wangu alinitazama, akasubiri nieleze. Nilikuwa naanza, lakini mama alishanyanyua redio kutoka kwenye meza yake yenye kitambaa, ile ninayosifiwa nayo mtaa mzima, akaniwekea mikononi.

“Shika hii,” akasema. “Njo kitu.”

Nikaishika. Ilikuwa nzito kweli. Nikaiinamisha kidogo upande mmoja, taratibu, nikisikiliza.